Diwani Hakula Fedha Zenu

Diwani hakula fedha zenu za korosho. Naanza na hilo kwa sababu wapo watakaosoma mistari michache kisha waliweke gazeti pembeni, na kama ni michache tu, basi iwe hii. Malipo ya wakulima 43 wa kata yetu, ya msimu wa 2018, yalichelewa miezi mingi kwa sababu ya mkono wangu mimi. Nilinakili vibaya namba za akaunti. Nilipogundua, nikaficha. Mtu mwingine alipobebeshwa lawama ndani ya chama chetu cha siasa mpaka akaangushwa katika kura za maoni za 2020, nilinyamaza. Na kabla ya hapo nilikuwa nimefanya jambo baya kuliko kunyamaza, ambalo nitalieleza likifika mahali pake.

Naishi Lisekese, Masasi. Kata yalikotokea haya sitaitaja. Chama sitakitaja pia, maana kosa si la chama, ni langu. Diwani mwenyewe ameniomba nisiandike jina lake, kwa kuwa ana wajukuu shuleni na hataki waulizwe maswali njiani. Mimi humwita mjomba. Hakuzaliwa tumbo moja na mama yangu, ila ni wa ukoo wa mama, na kwetu sisi Wamakua, kama kwa jirani zetu Wayao na Wamakonde, ukoo wa mama ndio unaohesabiwa. Yeye ni Mwislamu, mimi nilibatizwa Mtandi, na hilo halijawahi kututenga. Ndiye aliyenipokea nilipotoka jandoni. Ndiye aliyekwenda kuniposea mke. Nilipopata kazi ya ukarani msaidizi katika chama cha msingi cha ushirika, alikuja nyumbani na kuniambia sentensi moja: "Mpwa wangu, kalamu ya karani ni shamba la watu."

Sasa msimu wenyewe.

Mwaka 2017 tuliuza korosho kwa zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo. Haikuwa imewahi kutokea. Watu waliezeka mabati, walinunua pikipiki, walilipa madeni ya miaka mitatu nyuma ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Kwa hiyo Oktoba 2018, minada ilipofunguliwa na barua za wanunuzi zikasomwa zikiwa na bei chini ya 3,000, wakulima walikataa. Newala walikataa, Tandahimba walikataa, na kwetu Masasi magunia yakakaa ghalani. Tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na kwamba jeshi litazisomba. Nakumbuka malori ya jeshi yakipita na watoto wakiyakimbilia pembeni mwa barabara. Mjomba alikuwa amesimama nje ya ghala siku ile, amevaa kofia yake ya mkono, na wazee walimpa mkono mmoja baada ya mwingine kana kwamba bei ile aliileta yeye. Hakuileta yeye. Lakini hakuna aliyejali hilo, na baadaye kuchelewa kwa fedha kulipokuja, hakuna aliyejali pia kwamba hakukuleta yeye. Diwani ndiye serikali ambayo mkulima anaweza kumgongea mlango.

Zamani, tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, mnunuzi alilipa, fedha zikapita chama kikuu cha ushirika, zikafika kwetu, nasi tukamlipa mkulima baada ya makato. Msimu ule ilikuwa tofauti. Kila mkulima alitakiwa alipwe moja kwa moja benki, baada ya kuhakikiwa. Orodha zilitakiwa haraka: jina, kilo, namba ya akaunti. Na mtu asiyejua kazi hii atashangaa jina linavyoweza kuwa mtihani. Mama mmoja hujulikana ghalani kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kwenye kitambulisho cha mpiga kura ana jina la baba. Benki alifungua akaunti kwa jina la ubatizo, au jina la mume aliyekwisha kuachana naye. Karani mzuri anawajua wote watatu kuwa ni mtu mmoja. Mimi nilikuwa karani mzuri, na ndiyo sababu nilipewa kazi ile niifanye peke yangu, usiku, orodha ipate kuondoka asubuhi na gari.

Nilinakili kutoka daftari la mapokezi kwenda kwenye fomu. Taa ilikuwa ya kuchaji na ilianza kufifia kama saa saba. Ukurasa wa 17, mstari wa nne, palikuwa na mama mmoja ambaye sehemu ya akaunti yake ilikuwa tupu kwa sababu hakuwa ameileta bado. Sikuacha nafasi tupu kwenye fomu. Nilichukua namba ya mstari wa chini yake nikamwekea yeye, kisha ya mstari uliofuata nikamwekea wa pili, na kuanzia hapo kila mtu alibeba akaunti ya jirani yake. Kurasa tatu. Watu 43. Nilipofika mwisho wa ukurasa wa 19 nikaona namba zimeisha na jina moja limebaki, nikaliandikia akaunti kwa kumbukumbu, kwa sababu niliijua. Mpaka leo siwezi kueleza kwa nini lile jina lililobaki halikunishtua. Nilikuwa nimechoka, ndiyo, lakini uchovu hautoshi kuwa jibu. Nilitaka kumaliza.

Wengine katika kata walilipwa. Wale 43 hawakulipwa, maana benki inapoona jina na akaunti havilingani hairuhusu fedha kuingia. Fedha hazikupotea wala hazikuliwa na mtu. Zilirudi zilikotoka zikakaa.

Niligundua mwezi wa pili wa 2019. Mama yule wa mstari wa nne alinijia na karatasi yake, akaniomba nimwangalizie kama nilimwandika, nikafungua daftari, nikaona. Nilihisi miguu inaniishia. Nikamwambia, "Mama, umeandikwa, subiri tu." Nikafunga daftari.

Ningeweza kwenda siku ile ile kwa meneja wa chama cha msingi nikasema nimekosea. Kosa la kunakili halimfungi mtu. Lakini ilikuwa miezi ya uhakiki, na neno lililotembea midomoni lilikuwa kangomba. Kwa wasiotoka kusini: kangomba ni ununuzi wa kichochoro, mwenye fedha anamkuta mkulima na njaa yake mwezi wa saba, anachukua korosho zikiwa bado ua, kwa bei anayoitaka, kwa kipimo chake. Serikali ilisema wazi kwamba wa kangomba hatalipwa, na wenye mizigo mikubwa walipelekwa mpaka shambani wakaonyeshe mikorosho yao. Karani ambaye orodha yake ina akaunti za watu zimebadilishana angeonekana nani? Nilijiona tayari nimekaa kwenye benchi la polisi. Nikasema nitarekebisha kimyakimya itakapofunguliwa nafasi ya marekebisho. Hilo ndilo nililojiambia, na kwa wiki mbili tatu nililiamini.

Mjomba wakati huo alikuwa njiani. Watu walimwendea kila asubuhi, wamekaa barazani kwake kabla jua halijatoka, na yeye hakujua kusema "siyo kazi yangu." Alikwenda ofisi za mjini Masasi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Alikwenda Mtwara mara mbili, safari ya karibu kilomita 200 kila upande, kwa nauli yake. Mara ya pili aliuza mbuzi. Kila aliporudi aliitisha watu chini ya mwembe na kuwaambia ukweli aliopewa, kwamba majina yenu yapo, fedha zimetoka, lakini hazijaingia, na hakuna aliyeweza kumwambia zimekwama wapi. Sikiliza maneno hayo kwa masikio ya mtu ambaye mtoto wake amerudishwa shule: fedha zimetoka, hazijaingia. Kwa hiyo ziko kwa nani? Alikuwa anawasomea mashtaka yake mwenyewe bila kujua.

Usiku mmoja wa mwezi wa nne alikuja kwangu. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda mlangoni, hakutaka chai.

"Mpwa wangu," alisema, "nimewaza sana. Wenzao wamelipwa, hawa hawakulipwa. Kuna kitu kimoja kinachowaunganisha hawa. Hebu tulete daftari tuangalie mimi na wewe."

Daftari lilikuwa ndani, chini ya kitanda, hatua sita kutoka pale alipokaa.

"Mjomba," nikasema, "daftari wamechukua wakaguzi."

Akatikisa kichwa polepole. "Likirudi uniite." Akaondoka na tochi yake. Mke wangu alikuwa jikoni, alisikia. Hakusema kitu usiku ule, lakini tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari za kazi.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Kosa la daftari lilikuwa la mkono. Hili lilikuwa la moyo, na niliwekwa mbele ya mlango uliofunguliwa na mtu ambaye angenisaidia kulirekebisha bila kunitupa.

Nataka kueleza jinsi mtu anavyopotelewa na chama chake huku chini, kwa sababu wanaoandika habari za siasa huangalia juu. Julai 2015, jina la Edward Lowassa, aliyeomba kugombea urais kupitia CCM, lilipokatwa Dodoma, wajumbe walikuwa wanamwimbia ukumbini, na nchi nzima iliona. Kukatwa kwa namna ile kuna tarehe na kuna kikao. Katani kwetu hakuna aliyemkata mjomba. Ilianza msibani. Mtu akifa, diwani hupewa nafasi ya kusema neno la serikali kabla ya maziko, na msiba mmoja mwezi wa tano hawakumpa. Mwenye kuongoza shughuli alipitiliza tu. Kisha akawa hapati taarifa za vikao vya tawi. Anasikia kikao kimefanyika jana. Simu zake zikawa zinaita bila kupokelewa. Vijana waliokuwa wakimbebea viti mikutanoni wakawa wanakaa juu ya pikipiki zao mbali kidogo. Mimi nilikuwa katibu mwenezi wa tawi, kwa hiyo baadhi ya vikao hivyo alivyofichwa, aliyetakiwa kumpigia simu ni mimi.

Neno lililotumika lilikuwa "hauziki." Huyu mzee hauziki tena. Ni neno la ajabu kwa watu tunaoishi kwa kuuza, na halina jibu, maana ukimwambia mtu amekula fedha anaweza kudai ushahidi, lakini ukisema hauziki, ushahidi ni kule kurudiwarudiwa kwa neno lenyewe. Nililisema. Sikuwa wa kwanza, lakini nililisema vikaoni, nikiwa na cheo cha uenezi, na mdomo wa mwenezi hueneza.

Mwezi wa saba wa 2019 alifariki yule mama wa mstari wa nne. Alikuwa mzee na aliugua muda mfupi. Alikufa anadai korosho zake. Mjomba alikwenda msibani na rambirambi ndani ya bahasha, na wanawe, mbele ya watu, wakakataa kuipokea. Mkubwa wao alisema, "Diwani, wewe umeshachukua, usilete." Nilikuwa nimesimama karibu na turubai. Nilimwona mjomba akirudisha bahasha mfukoni mwa shati, akakosa, akajaribu tena, kisha akatembea hadi barabarani peke yake. Ningeweza kusema neno moja pale. Watu 200 wangelisikia. Nikainama kana kwamba nafunga kamba ya kiatu.

Nafasi ya marekebisho ilipofunguliwa, nilipeleka orodha sahihi, kimyakimya kama nilivyojiahidi. Na hapa ndipo lilipo lile jambo baya zaidi. Alikuwepo kijana mmoja mwenye duka la pembejeo, mwanachama mwenzetu, aliyetaka udiwani. Si mtu mbaya. Mpaka leo naamini hakujua lolote. Siku niliyopeleka orodha nilimwomba anipe lifti mjini, nikamwingiza naye ofisini, akasalimiana na watu, tukatoka. Fedha zilipoingia Septemba 2019, mimi mwenezi nilizunguka mashina yote nikisema, "Mnajua nani alikwenda kusimama mjini? Diwani ameshindwa mwaka mzima, huyu kijana kaenda mara moja." Hata yeye mwenyewe alikuja kuamini hivyo. Watu walimchinjia kuku.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nimejiuliza miaka mingi. Hakuniahidi cheo wala fedha. Nadhani nilitaka hadithi iwe na mwisho. Maadamu watu waliuliza fedha zilikwama wapi, swali lilikuwa linanitafuta mimi. Nilipowapa mtu aliyezikwamisha na mtu aliyezikwamua, waliacha kuuliza. Nilimtoa mjomba sadaka ili swali life.

Mwaka uliofuata ulikuwa mgumu kwa yeyote kumtetea mwenzake. Februari 28, 2020, Kamati Kuu ya CCM ilimfukuza Bernard Membe, mtu wa Rondo, Lindi, jirani yetu kabisa, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje hadi 2015. Hakuna mtu wa kusini ambaye hakuizungumza habari ile, kwa sauti ya chini, na kila chama kilijifunza kitu. Ikiwa mtu mzito namna ile anaweza kukosa wa kusimama naye, nani atasimama na diwani wa kata asiyepokelewa simu? Membe alirejea chamani mwake mwaka 2022, na alipofariki Mei 2023 alizikwa kwao Rondo akiwa mwanachama. Nilifurahi aliporudi, na furaha ile ilinichoma, kwa sababu aliyefukuzwa anaweza kurudishwa kwa barua. Mjomba hakufukuzwa na mtu. Kwa hiyo hakuna kikao cha kumrudisha.

Kura zetu za maoni zilipigwa katika darasa la shule ya msingi. Wajumbe tulikuwa 121. Watia nia walijinadi dakika chache kila mmoja. Kijana wa pembejeo alishangiliwa kabla hajafungua mdomo. Mjomba aliposimama, darasa lilinyamaza, na si kwa heshima. Alieleza alichofanya miaka mitano: kisima kimoja, vyumba viwili vya madarasa, barabara ya kupitisha gari la korosho. Kisha akasema, "La malipo, ndugu zangu, nimetafuta jibu mpaka leo sijalipata. Kama yupo humu analijua, namwomba aliseme, hata kama ni dhidi yangu." Alizungusha macho darasa zima. Yalipopita kwangu hayakukaa. Hakuwa akinishuku. Ningetamani angenishuku.

Kura zilihesabiwa hadharani, zikiandikwa ubaoni kwa chaki, vijiti vitano vitano. Mjomba alipata 19. Wenzangu nje walikuwa wakicheka kwa ule msemo uliovuma mwaka ule nchi nzima, kwamba wajumbe si watu wazuri. Nilipiga kura yangu kwa mjomba. Nilidhani itanipunguzia. Kura ile ya siri ndiyo aibu yangu kubwa kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kwamba nilikuwa najua.

Wiki zile zile za Julai Mzee Benjamin Mkapa alifariki, na tarehe 29 alizikwa kwao Lupaso, hapa hapa kwetu. Nilikwenda. Nilimwona mjomba kwa mbali katika umati, amesimama na wazee, hakuna aliyemtengea kiti. Miezi kadhaa baadaye mwalimu mmoja aliniazima kitabu cha kumbukumbu cha Mzee Mkapa, kile kilichozinduliwa Novemba 2019. Nakisoma Kiingereza kwa shida, lakini nilifika mahali anapozungumzia mauaji ya Pemba ya Januari 2001, akiwa Rais, na kukiri kwamba ni doa katika uongozi wake. Nilisoma ukurasa ule mara nyingi. Wapo wanaosema alikiri kuchelewa na kwa maneno machache, na damu ya watu ilihitaji zaidi ya hapo. Nakubaliana nao. Lakini mtoto wa Lupaso aliyefika Ikulu aliweza kuandika kosa lake na jina lake chini, na mimi karani msaidizi wa ghala la korosho nilikuwa nalala na daftari chini ya kitanda.

Hata hivyo ilinichukua miaka minne zaidi. Sitaki kupamba. Nilimwambia padri kwanza, akanisikiliza, kisha akasema dhambi niliyomtendea mtu mbele ya watu siwezi kuimaliza masikioni mwake yeye. Nilikasirika. Nilikaa mwaka mzima bila kurudi kuungama.

Mwaka 2024, mwezi wa Agosti, watu wakipuliza salfa, nilichukua daftari nikaenda kwa mjomba. Alikuwa shambani, amekaa chini ya mkorosho, bomba la kupulizia limelala pembeni. Nilimwamkia. Nilifungua ukurasa wa 17 nikaweka kidole kwenye mstari wa nne, nikamweleza yote, daftari, usiku ule wa kigoda, turubai, lifti ya mjini, darasa. Nilieleza mpaka kura yangu.

Hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Huyu mama wa mstari wa nne, ndiye yule?"

"Ndiye, mjomba."

"Alikufa akijua nimemla."

"Ndiyo."

Alinyanyuka, akachukua bomba lake, akaenda kuendelea kupuliza mikorosho. Hakunisamehe siku ile. Nilimsubiri mpaka jioni, hakuniangalia. Udiwani hakuutaja hata kidogo, wala siku ile wala baadaye. Wiki ya pili alimtuma mjukuu wake kunipa ujumbe: nenda kwanza kwa watoto wa marehemu, kisha ndipo uje kwangu.

Nilikwenda. Yule mkubwa wao, aliyekataa bahasha, alinisikiliza amesimama, akaniambia nirudie mbele ya wadogo zake, nikarudia. Hakunipiga, ingawa nilikuwa tayari. Ijumaa iliyofuata ndugu wote wanne walikwenda kwa mjomba. Sikuwepo, sijui walisema nini. Najua tu kwamba walikwenda naye kaburini kwa mama yao, na kwamba alikwenda na bahasha ile ile. Alikuwa ameitunza miaka mitano.

Mjomba sasa anaitikia salamu yangu. Msamaha wake ni wake, siuombi gazetini.

Ninachoomba ni kingine. Niliandika barua kwa viongozi wa tawi kujiuzulu uenezi na kueleza kosa. Waliniita, wakaniambia kwa upole kwamba mambo yameshapita, yule mzee keshapumzika, tusifukue. Wenzangu, siwalaumu, lakini nakataa. Tulimwangusha darasani, tukiwa 121, kwa kura halali zilizojengwa juu ya uongo wangu, na sehemu ya kusema ukweli ni darasa lile lile. Naomba mkutano mkuu ujao wa kata unipe dakika tano. Naomba isomwe katika kumbukumbu za kikao kwamba diwani wetu hakuchukua fedha ya mkulima yeyote. Kijana wa pembejeo nimeshamweleza, naye amesema atakaa pembeni yangu siku hiyo.

Na kama wewe ni mmoja wa wale 43, au mtoto wa mmoja wao, daftari liko kwangu Lisekese, juu ya meza. Njoo uone kwa macho yako. Ni kurasa tatu: 17, 18 na 19.